Springi, tupa au stenlesi: chuma cha kuanzia visu na namna ya kukitia matiko

SWALI: Niko Langoni, Lamu. Nimeletewa bapa la springi ya pikapu kutoka Mokowe, nina tupa tatu kuukuu na kipande cha bapa la stenlesi lililobaki kwenye kazi ya boti. Nataka kujifunza kutengeneza visu vya jikoni na vya samaki. Kisu cha kwanza nilikikata kwenye tupa, nikakipasha kwa mkaa mpaka kikawa chekundu sana, nikakizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kilifanya "ti!" na kikatoka na ufa. Cha pili nilikikata kwenye stenlesi nikakifanyia vilevile. Hakikupasuka, lakini ukikikaza kwa mkono kinapinda na hakirudi. Nianze na chuma kipi, na matiko nitie vipi?

JIBU: Visu vyako viwili vimeharibika kwa sababu mbili zisizohusiana, ndugu yangu, kwa hiyo tuvitenganishe.

Kile cha tupa kilikuwa chuma kizuri, ila hakivumilii ulichokifanyia. Tupa nzuri huwa na kaboni ya asilimia 1 hadi 1.3. Hapo pana makosa matatu. La kwanza ni joto: kama "chekundu sana" ina maana rangi ilishaelekea chungwa, basi ulishapita nyuzi 900 za Selsiasi, na chembe za ndani ya chuma zilianza kukua. Chuma chenye chembe kubwa huvunjika kirahisi hata kisipopasuka siku ile. La pili ni maji ya bahari. Chuma cha moto kikiingia kwenye maji matamu huvikwa kwanza utando wa mvuke unaochelewesha kupoa; chumvi huuvunja utando huo, ndiyo maana maji ya bahari hupoza kwa kasi kuliko maji ya bomba. Sehemu ya nje hugeuka ngumu mapema, kisha ya ndani nayo inapogeuka hutanuka, na nje haiwezi tena kunyumbuka. Hapo ndipo "ti!" inapotoka. Kosa la tatu ni la kukisia, lakini wanaoanza wengi hulifanya: meno ya tupa kubaki ubavuni mwa kisu. Kila bonde la jino ni mahali pa ufa kuanzia. Meno yote yasagwe mpaka pawe laini kabla ya moto.

Cha stenlesi hakikuharibiwa na moto wako. Stenlesi ya boti kwa kawaida ni ile inayoitwa 304 au 316: kromiamu nyingi, nikeli nyingi, na kaboni isiyofika hata asilimia 0.1. Chuma cha namna hiyo hakishiki matiko, yaani hakigeuki kigumu kwa kupashwa na kuzamishwa, ukizamishe kwenye mafuta, maji au barafu. Kijaribu kwa sumaku kikiwa baridi. Isiposhika, au ikishika kwa udhaifu tu, ujue ndicho hicho. Zipo stenlesi za visu, kama 420 na 440C, ambazo hushika matiko vizuri sana, lakini zinataka nyuzi 1,000 hadi 1,060, zishikiliwe hapo kwa dakika kadhaa bila kupanda wala kushuka. Jiko la mkaa haliwezi kukupa hilo. Najua hewa ya Lamu humfanya mtu aitamani stenlesi, kwa sababu kisu cha chuma cha kawaida huamka na kutu. Hata hivyo iache kwa sasa.

Sasa cha kuanzia. Kinachofanya chuma kishike matiko ni kaboni. Chini ya asilimia 0.3 hupati kitu cha maana: misumari ya majahazi, bamba la geti, mabomba, angle ya kuchomelea, vyote havifai. Nondo ni bahati nasibu, na kazi ya bahati nasibu haimfundishi mtu, maana kisu kikiharibika hujui umekosea wewe au chuma. Anayeanza atafute kaboni kati ya asilimia 0.55 na 0.95, chuma kinachoshika matiko ndani ya mafuta bila kudai maji.

Springi yako ya pikapu imo humo. Springi za bapa hutengenezwa kwa vyuma vya jamii chache: kimojawapo ni kile Wamarekani wanachokiita 5160 na Wajapani SUP9, chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu karibu 0.8; kingine ni cha silikoni, ambacho wauza vyuma wanaofuata majina ya Kiingereza hukiita EN45. Vyote hushika matiko kwenye mafuta, na vyote ni vigumu kuvunja. Kama utafika kwa muuza vyuma Mombasa ukaambiwa ana EN9, hiyo nayo inafaa, ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6. EN8 ina karibu 0.4 tu, ni ya shafti na boliti, mwachie fundi wa leithi.

Springi ina taabu mbili. Ya kwanza ni unene: bapa la pikapu huwa milimita 6 hadi 8, nawe kisu cha jikoni unakitaka kiwe 2 hadi 3 mgongoni. Lazima ulifue kwa nyundo, au ukeshe na grainda. Ya pili ni kwamba imekwisha kazi. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi kwenye barabara mbovu huweza kuwa na nyufa ndogo usizoziona. Safisha kutu yote, itazame juani, na usikate kisu karibu na tundu la boliti la katikati, ambako nyufa hupenda kuanzia.

Ukiwa huna fuawe wala mkono wa kufua, tafuta badala yake msumeno mpana wa mkanda kutoka kiwanda cha kupasua mbao. Ni mwembamba, milimita 1 hadi 1.5 hivi, na mara nyingi ni chuma chenye kaboni ya asilimia 0.75 na nikeli kidogo. Kwa kisu cha kuchambua minofu ya samaki, chenye kunepa, sioni bora kuliko huo. Na kama unataka kisu wiki hii, kata panga kuukuu la zamani. Panga zuri lilishatiwa matiko kiwandani. Ukilikata na kulisaga polepole, ukilichovya majini kila mara lisipate joto la kukuchoma kidole, huhitaji moto kabisa. Makali yake hayatadumu sana, lakini utajifunza umbo, usagaji na upigaji mpini kabla hujaongeza tatizo la moto juu yake.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua kipande kimoja kirefu cha chuma na utengeneze visu vyako vyote vya mwanzo kutoka kipande hichohicho. Springi moja ya urefu wa mita hutoa visu vingi, na vyote vitakuwa na tabia moja motoni. Ukibadilisha chuma kila kisu, kila kisu unaanza upya.

Kabla ya kukata kisu chochote, kijaribu hicho chuma. Kata vipande vitatu vya urefu wa sentimita 10 na upana wa 2, uvisage mpaka unene wa milimita 3. Tia alama kwa patasi: mstari mmoja, miwili, mitatu. Cha kwanza kipashe mpaka sumaku iache kushika tu, kisha kizamishe kwenye mafuta. Cha pili kipandishe kidogo kupita hapo, nitakavyoeleza chini. Cha tatu kipashe mpaka rangi ya chungwa iliyowaka, kwa makusudi. Vyote vikipoa, pitisha tupa mpya kwenye ukingo. Halafu kila kimoja kifunike kwa kitambaa kinene, ukibane kwenye jiliwa na kukigonga kwa nyundo mpaka kivunjike, macho yakiwa na miwani. Tazama mahali palipovunjika. Cha tatu kitaonyesha chembe kubwa zinazometameta kama sukari. Cha pili, ukikipatia, kitakuwa kijivu kilichofifia, laini, kisicho na mng'ao. Cha kwanza huenda kikapinda kabla ya kuvunjika, na tupa ikakila kiasi, kwa kuwa joto halikutosha. Weka vipande hivyo mahali usivipoteze. Ndicho kipimo chako cha rangi kwa chuma hicho, katika jiko hilo, kwa macho yako. Kama hata cha tatu tupa inakila vizuri na kinapinda bila kuvunjika, hicho si chuma cha visu, hata aliyekuuzia aape.

Kwenye umbo la kisu kabla ya moto, mambo machache huokoa mengi. Makali usiyamalize, acha unene wa milimita 1 hadi 1.5 pale patakapokuwa makali. Ukiyasaga mpaka yawe membamba, yatapata joto kabla ya mgongo, yatachomwa kaboni yake na moto, na yatajikunja kama wimbi kwenye mafuta. Msuka, ule mkia wa kisu unaoingia kwenye mpini, usiufanye na kona kali pale unapokutana na bapa. Uzungushe kwa tupa ya duara. Matundu ya misumari ya mpini yatoboe sasa, kwa maana baadaye hayatoboki. Futa mikwaruzo ya grainda inayokwenda kukata upana wa kisu. Maliza kwa msasa wa 120 au laini zaidi, ukifuata urefu. Na hakikisha mbavu zote mbili zimesagwa sawa. Kisu kilichosagwa zaidi upande mmoja hupinda hata kama umezamisha vizuri.

Kama umefua kwa nyundo, chuma kimechoka na chembe zimekua, kwa hiyo kitulize kwanza. Kipashe mpaka kipite kidogo pale sumaku inapoacha, kitoe, kiache kipoe hewani mahali pasipo upepo mpaka wekundu uishe kabisa na kirudi cheusi. Fanya hivyo mara tatu, kila mara moto ukipungua kidogo kuliko wa kabla yake. Usikitie majini hapa. Kazi hii inachukua nusu saa na watu wengi huiruka, halafu wanalaumu mafuta.

Tupa zako unaweza kuzitumia baadaye, ila zilegeze kwanza: zipashe mpaka wekundu, uzifukie kwenye majivu makavu au chokaa kavu, sentimita 15 kila upande, mpaka asubuhi. Jihadhari na tupa za bei rahisi. Baadhi zimetiwa ugumu juu juu tu na ndani ni chuma laini. Ivunje ncha uone: kama ukingo na moyo vina sura mbili tofauti, itupe.

Tuje kwenye moto wenyewe, ambao ndio unaotengeneza kisu kuliko mafuta.

Mkaa wa kawaida unatosha. Mkaa wa vifuu vya nazi una joto kali na vipande vidogo, unafaa ukiuchanganya. Tatizo la jiko la mkaa ni kwamba mdomo wa feni inayopuliza moto unawaka kupita kiasi huku pembeni pakiwa pamepoa, na ncha ya kisu, kwa kuwa ni nyembamba, huungua wakati tumbo lake bado. Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma, kipenyo cha sentimita 5 hadi 7, urefu wa 35, upande mmoja umezibwa. Lilaze ndani ya mkaa, tia vipande viwili vitatu vya mkaa ndani yake ili vile hewa, na kisu kipashe humo ndani. Joto huwa sawa, na moto wa feni haukigusi. Bomba liwe jeusi, si lile la maji lililopakwa zinki. Zinki ikipashwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi ya mwili usiku uleule, na maziwa wanayokunywa mafundi wa kuchomelea hayaondoi kitu mapafuni. Vivyo hivyo kwa minyororo ya nanga na vyuma vyote vya boti vilivyopakwa.

Fanya kazi hii baada ya Magharibi, au kwenye kivuli kizito. Rangi ya chuma juani haionekani, na wanaopasha mchana wa jua hukaribia kukiunguza chuma wakidhani bado ni cheusi. Wakati wa kusi, jikinge nyuma ya ukuta: kisu chembamba hupoteza joto jingi kwa hatua mbili tu kutoka jikoni hadi kwenye mafuta.

Sumaku huacha kushika chuma karibu nyuzi 770. Hiyo si joto la kuzamishia, ni alama ya njiani. Springi ya 5160 inataka 815 hadi 845. Chuma cha kaboni tupu cha asilimia 0.8 kinataka 800 hadi 815. Pima kwa sumaku wakati joto linapanda tu, kwa sababu likishuka sumaku huchelewa kurudi na itakudanganya. Alama ya pili ni chumvi ya mezani, ile laini: huyeyuka kwenye nyuzi 801. Kwenye kipande cha majaribio, nyunyiza chembe chache mgongoni. Zikiruka na kubaki nyeupe, bado. Zikigeuka kimiminika kinachong'aa, umefika 800. Tumia chumvi safi ya pakiti, maana ya bahari iliyokaushwa tu ina madini mengine yanayoyeyuka mapema. Na kioshe kipande baadaye, chumvi hula chuma.

Alama ya tatu huhitaji kuinunua. Gizani, chuma kinapobadilika ndani, utaona vivuli vyeusi vikitembea juu ya wekundu, vikianza nyembamba kwenda nene. Hiyo ni sehemu ambayo inameza joto bila kupanda. Vivuli vikiisha vyote na rangi ikawa moja kutoka ncha hadi shina, umevuka. Kwa springi, ongeza kidogo sana kupita hapo, kisha lishikilie joto hilo dakika 3 hadi 5 ndani ya bomba, feni ikipuliza kwa mbali. Kromiamu inataka muda huo. Ukizamisha mara moja utapata kisu chenye ugumu nusu. Msumeno wa mkanda na tupa havihitaji kusubiri; rangi ikiwa sawa, zamisha.

Mafuta: lita 4 au 5, ndani ya chombo cha chuma kirefu kuliko kisu, chenye mfuniko. Lita moja kwenye sufuria haitoshi, itapata joto na kupoza polepole kabla kisu hakijamaliza. Mafuta ya kupikia ya maji yanafaa kabisa. Ya nazi yanafaa pia, ni ghali tu. Yakiganda asubuhi ya baridi, ukiyapasha si neno. Uto wa simsim, sawa. Oili chafu ya injini usiitumie: moshi wake una madini yaliyosagika kutoka kwenye injini, hupoza bila mpango, na kisu chako kinakwenda kugusa chakula. Mafuta yapashe mpaka nyuzi 50 hivi kwa kutumbukiza chuma chenye moto na kukoroga. Mafuta ya uvuguvugu ni mepesi, hukizunguka kisu kwa kasi zaidi kuliko ya baridi. Wengi hudhani kinyume chake.

Angalia kusiwe na maji chini ya chombo, hasa kikikaa nje wakati wa mvua. Maji yakichemka chini ya mafuta hurusha mafuta yote juu. Usizamishe chini ya paa la makuti, wala kwenye uchochoro ambao makuti ya jirani yako karibu. Mafuta yakiwaka, funika, usimwage maji. Mchanga mkavu uwe karibu, na miguuni vaa viatu vya ngozi, si kandambili.

Ukitoa kisu, kiwe kimeingia kwenye mafuta ndani ya sekunde moja au mbili. Ncha itangulie, kisu kikiwa wima. Kisukume mbele na nyuma kama unakata, usikitikise ubavuni, maana upande unaopigwa na mafuta mapya hupoa kwanza na kisu huvutwa kuelekea upande mmoja. Hesabu kumi polepole, kitoe. Bado kina moto wa kutoa moshi, na hapo una muda mfupi, nusu dakika hivi, ambapo chuma hakijawa kigumu chote. Kitazame mgongoni: kama kimepinda, kinyooshe kwa mikono iliyovaa glavu za ngozi au kibane kati ya mbao mbili zilizonyooka mpaka kipoe. Kikishapoa kabisa, usithubutu kukinyoosha, kitavunjika.

Sasa pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kula, matiko yameshika. Mara nyingi tupa itakula kidogo mwanzoni kwa sababu ngozi ya juu imepoteza kaboni motoni. Sukuma mara tatu nne, na kama chini yake inateleza, huna tatizo. Ikiendelea kula, basi joto halikutosha, au uliharakisha, au ulichelewa njiani. Kitulize mara moja hewani, urudie. Chuma huvumilia kurudiwa mara mbili au tatu. Kuongeza moto bila kujua sababu, au kukimbilia maji, kutakurudisha kwenye ufa.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta kina ugumu wa kioo. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji huvunjika, na kikilala hivyo usiku kucha huweza kupasuka chenyewe. Kipashe tena ndani ya saa moja au mbili. Kwa springi ya kisu cha jikoni, nyuzi 200, saa mbili, kiache kipoe, kisha saa mbili tena. Kwa tupa, 220 hadi 230. Kwa panga la kufyekea, nenda 280 hadi 300, maana hilo linapigwa na lazima linepe.

Jiko la kuokea keki linafaa, lakini usiamini namba za kitasa chake. Nunua kipimajoto cha ovena ukiweke karibu na kisu. Huna ovena? Karai lenye mchanga wa sentimita 8, juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, kisu kikizikwa katikati na kipimajoto kando yake. Mchanga wa ufuoni uoshwe kwa maji matamu na kukaushwa kwanza. Mara ya kwanza lijaribu bila kisu mpaka uweze kulishikilia kwa saa moja kati ya 190 na 210. Ni kazi ya kukaa na kuangalia, si ya kuacha na kwenda sokoni.

Njia ya rangi ipo pia: ng'arisha kisu kwa msasa, ulaze mgongo wake juu ya chuma kinene kilichowaka, na utazame rangi zikitembea kuelekea makali. Manjano hafifu ni karibu 205, manjano iliyoiva ni 220 hivi, hudhurungi 245, zambarau 275, samawati karibu 300. Makali yakifika manjano, chovya majini. Hufaa kwa patasi na kwa visu vya haraka, na huacha mgongo laini wenye kunepa, lakini inakwenda mbio na anayeanza huipita. Naona karai la mchanga ni bora kwako.

Usagaji wa mwisho ufanyike bila glavu, kwa mkono mtupu, ili kidole kikuambie joto. Kila pitio moja, chovya majini. Makali yakionyesha samawati, matiko ya hapo yameondoka na hayarudi kwa kusubiri. Saga mpaka uipite sehemu hiyo, au rudia moto wote. Noa kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande kwa kisu cha minofu, 18 hadi 20 kwa cha jikoni.

Kijaribu kabla ya kukipigia mpini wa kudumu. Kata mbao kavu, gonga makali kwenye kifuu cha nazi mara kumi, tazama kwa mwanga. Makali yakijikunja, ama ni membamba mno, ama ngozi isiyo na kaboni haijasagwa yote, kwa hiyo saga kidogo na unoe tena kabla ya kulaumu moto. Yakimeguka vipande vidogo, pasha tena kwa nyuzi 15 zaidi, saa mbili. Yakiendelea kumeguka na pale palipomeguka panametameta, chembe ni kubwa: kisu hicho kilipashwa kupita kiasi, nacho kitulizwe mara tatu na kurudiwa kuanzia mwanzo.

Mpini hauna siri nyingi. Mbambakofi mkavu au mwarobaini uliokaa mwaka mzima bila kupasuka vyote vinafaa, na misumari ya brasi ni bora kuliko ya chuma kwa hewa ya bahari. Kipande chako cha stenlesi kitengenezee noleo, ile pete ya chuma ya mpini. Kisu kikioshwa kikaushwe papo hapo na kupakwa mafuta ya nazi, tone moja kwa kitambaa. Baada ya wiki kadhaa za ndimu na samaki kitageuka kijivu, nayo rangi hiyo hupunguza kutu, usiisugue. Ala ya ngozi ni ya safari tu, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na chumvi na kuushikilia ubavuni mwa kisu.